Msiseme ni Uzee!

Ndugu zangu wa Morogoro, wa mlimani na wa mjini, nisikilizeni.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umekifunika kilele cha Lupanga, simameni pale njia itokayo Choma na Ruvuma kule mlimani inapoteremkia mjini, muwatazame wanaoshuka. Atapita mama wa miaka 45 na tenga la ndizi kichwani, kata ya kanga chini ya tenga, mtoto mgongoni. Hageuki kushoto wala kulia, maana akigeuka tenga litamwangusha. Msilitazame tenga. Yatazameni magoti yake. Kila anaposhusha mguu kwenye mteremko goti linasita, linatetemeka, ndipo linakubali. Jioni atapanda kurudi kwake, ataketi kwenye kigoda, atalikanda goti kwa maji ya moto yenye chumvi. Mwanawe atamuuliza, "Mama, bado linauma?" Naye atajibu kwa upole, kama wanavyojibu mama zetu wote: "Ni uzee tu, mwanangu."

Miaka 45! Nani aliwaambia kwamba mtu wa miaka 45 ni mzee?

Nimeandika maneno haya ili nilikatae jibu hilo. Mama akilisema, anatufariji sisi. Sisi wanawe tukilipokea na kulirudia, tunajificha nyuma yake. Kwa sababu goti likiuma kwa uzee, hakuna wa kuulizwa. Likiuma kwa mzigo, basi yupo aliyeubeba, na yupo aliyemtazama akiubeba akanyamaza. Huyo wa pili ni mimi, na ni wewe unayesoma.

Tupige hesabu. Madaktari wameweka vipimo ndani ya magoti ya bandia wakapima uzito unaopita humo mtu anapokwenda. Wakakuta kwamba kwenye tambarare goti hubeba mara mbili na nusu hivi ya uzito wa mwenye goti. Akishuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Sasa mchukue mama wa kilo 60, mtwike tenga la kilo 30, kisha zidisha. Kila hatua ya kushuka, goti lake moja linapokea zaidi ya kilo 300. Ni magunia matatu ya mahindi, kwenye goti moja, kwa hatua moja! Halafu goti la pili. Halafu la kwanza tena, mpaka chini. Lupanga ina mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko kwenye mita 500 na kitu. Mama hatokei kileleni, lakini anatoka ubavuni mwa ukuta huo, anakwenda na kurudi, msimu wa ndizi na msimu wa maharage, tangu alipokuwa msichana.

Na ndani ya goti hamna chuma. Mna gegedu, tabaka jeupe laini lenye unene wa milimita chache tu, linalofunika ncha za mifupa ili isisagane. Gegedu haina mishipa ya damu. Ngozi ikichubuka hurudi, gegedu ikilika hairudi. Kila goti limepewa moja, na ndiyo hiyo ya kwenda nayo mpaka kaburini.

Na shingo je? Pingili za shingo ziliumbwa zibebe kichwa, ambacho uzito wake ni kama kilo 5. Sisi tumeongeza kilo 30 juu yake, tukaanza na binti wa miaka tisa. Baadaye tunashangaa mama anapoamka usiku mikono imekufa ganzi, vidole vinamchoma kama vimeguswa na upupu. Pingili zimelika, zimebana mishipa ya fahamu inayoshukia mikononi. Jirani anasema karogwa. Hapana! Amebebeshwa.

Waluguru wenzangu, sisi tunahesabu ukoo kwa mama. Lukolo ni wa mama. Shamba tumelipata kwa mama. Hata Matombo, jina la kata yetu ile ya mashariki, kwa lugha yetu ni maziwa ya mama. Tumepokea ardhi kwake, tumepokea jina kwake, kisha tenga tumemwachia yeye. Nimeona, na ninyi mmeona, kijana wa miaka 20, kifua kama mlango, anashuka nyuma ya mama yake mikono mitupu, visikilizio masikioni. Kijana, ukiulizwa siku ya mwisho ulikuwa wapi mama yako alipokuwa anavunjwa magoti, utajibu nini? Utasema ulikuwa hatua tatu nyuma yake?

Tena goti ni kiungo cha ibada. Ndugu zangu Waislamu, rakaa za faradhi kwa siku ni 17, na ndani yake mna rukuu 17 na sijda 34. Ndugu zangu Wakristo, mnajua wenyewe ni mara ngapi mnapiga magoti kabla ibada haijaisha. Ingieni msikitini Ijumaa, ingieni kanisani Jumapili, mkawahesabu akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki kwa sababu magoti yamekataa kwenda chini. Mungu anaipokea sala ya mtu aliyeketi kitini, sina shaka hata kidogo. Lakini yule mama alitaka kusujudu. Alitaka kupiga magoti kama alivyopiga siku ya ndoa yake. Tumemnyang'anya hilo kwa mkungu wa ndizi.

Mtaniuliza, basi wasiuze? Wale nini? Sisemi waache kuuza. Mboga za Mgeta, ndizi na mananasi ya Kinole, viungo vya Matombo, ndizo zinazotulisha mjini, na mto Ruvu unaotoka katika milima hiyo ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Nasema tenga la kilo 30 ligawanywe mara mbili. Nasema mzigo mkubwa ushushwe na pikipiki au punda hadi pale gari linapofika, na familia tatu nne zichangiane nauli yake. Nasema mwanamume ajitwike. Nasema mtoto wa shule asitwikwe kabisa zaidi ya kile anachoweza kukiinua mwenyewe kutoka chini bila kusaidiwa. Mkihitaji watu wawili ili kumtwika mtu mmoja, mzigo huo tayari umeshazidi, na macho yenu yameshaona kwamba umezidi.

Na ninyi mnaonunua, msijione wasafi. Lumbesa ni dhambi yenu. Gunia linajazwa, linafika mdomo, halifungwi. Linashonewa kofia ya nyavu juu, linajazwa tena mpaka linakuwa kama mtu mnene aliyevaa kilemba. Mkulima anaibiwa vipimo, hilo mmelisikia, na serikali imelipiga marufuku mara nyingi. Lakini nani amewasemea makuli? Gunia hilo linapofika Soko la Chifu Kingalu au Mawenzi halishuki lenyewe. Linashuka juu ya mgongo wa kijana aliyeinama, ambaye hakupata chai asubuhi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Lumbesa inapita mara mbili ya hapo! Kati ya pingili na pingili ya mgongo kuna kisahani chenye ute katikati. Mtu akiinama na kilo 120 huku amejipinda upande, kisahani kinaweza kupasuka, ute ukatoka na kuukandamiza mshipa wa mguu. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye unyayo. Kijana wa miaka 28 anarudi kwao Kolero akitembea kwa mkongojo. Mfanyabiashara aliyepata debe mbili za bure amekwisha kupata kuli mwingine.

Sasa nizungumzie njia yenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo babu zetu wametuachia, nalo linanikaa moyoni.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu waliamrishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba ya mteremko, siku kadhaa kila wiki, kwa lazima, na asiyechimba alishtakiwa. Mwaka 1955 watu wa Matombo walisimama wakakataa. Risasi zilipigwa, mtu akafa, na mpango ukafa. Babu zetu hawakuwa wavivu. Walikataa kuchimbishwa ngazi kwa kiboko, tena mahali ambapo udongo wenyewe ulizikataa. Nawaheshimu kwa hilo.

Lakini leo hakuna mkoloni. Na njia ya mama zetu bado ni mtelezo mtupu wa udongo mwekundu. Masika inapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, njia hiyo inakuwa sabuni. Mama anateleza, anaangukia kiganja, kifundo cha mkono kinavunjika; anaangukia upande, nyonga inavunjika. Nani anatuzuia sasa kuchimba ngazi kwa hiari yetu? Msaragambo wa siku mbili unatosha kukata vidato kwenye ule mteremko mbaya unaojulikana na kila mtu kijijini, kuweka magogo au mawe kwenye ukingo wa kila kidato, na kuchimba mfereji pembeni ili maji yasipite katikati. Fungeni na mti wa kushikia mahali pale panapotisha. Kila kijiji kina mahali pake pa namna hiyo, na pana hata jina la mtu aliyeanguka. Msingoje bajeti ya halmashauri kwa ajili ya vidato ishirini! Na miguuni, acheni kushuka kwa ndala zilizolika visigino wakati wa mvua. Katambuga zenye kashata ya tairi zinashika udongo vizuri kuliko ndala ya duka, na fundi wake yuko sokoni.

Nawageukia wazazi wa mabinti. Mfupa una msimu wake wa kuwekewa akiba, kama ghala. Binti akifika miaka 18, karibu asilimia 90 ya akiba ya mifupa yake imekwisha kuwekwa. Mpaka miaka 30 hivi anaweza kuongeza kidogo. Baada ya hapo anatumia. Na hedhi ikikoma, katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mifupa yake. Kwa hiyo nyonga itakayovunjika mwaka 2075 inajengwa leo, jikoni kwako. Mpe binti dagaa, awale wazima na mifupa yao. Mpe maziwa, akina mama wa Kimaasai kutoka Mvomero wanayaleta mpaka mlangoni, na wewe unaona afadhali soda. Mpe ufuta, mpe majani ya mlonge uliopandwa hapo uani ukawa ua tu. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalsiamu yake imeshikwa na asidi iliyomo humo humo, mwili hauipati sana. Usitegemee mchicha peke yake. Mwache acheze rede na kuruka kamba, kwa maana mfupa unaopigwa ardhini kwa kuruka ndio unaojijenga ukawa mnene. Binti anayefungiwa ndani aoshe vyombo wakati kaka zake wanacheza mpira anaibiwa mifupa. Na mtoto mchanga msimfunike mablanketi mwezi baada ya mwezi kwa kuogopa macho ya watu. Jua la asubuhi kwenye mikono na miguu yake linampa vitamini D, na bila hiyo mifupa inakuwa laini, ndipo tunapata matege.

Sasa naingia kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Someni polepole.

Mtoto anapanda mwembe. Tawi linakatika, anaangukia mkono, kiwiko kinavimba. Baba anasema hospitali ni mbali, na kule watamfunga plasta bure tu, twende kwa fundi wa mifupa. Fundi ni mzee mwenye heshima, amerithi kazi kwa wajomba zake. Anauvuta mkono, anauchua kwa mafuta, anapanga vijiti vya mianzi, anafunga kwa vitambaa kwa nguvu zote, maana amefundishwa kwamba fundo likilegea mfupa hautashika. Usiku mtoto analia. Wanasema anadeka. Usiku wa manane analia zaidi, na ukimnyoosha vidole anapiga ukelele. Wanampa kidonge cha kutuliza. Kunapokucha halii tena, nao wanamshukuru Mungu kwamba maumivu yametulia. Ole wetu! Yametulia kwa sababu mkono umekufa. Siku ya tatu vidole ni vyeusi, kuna harufu. Wanapofika hospitali daktari hana la kuunga, ana la kukata.

Simulizi hii sikuitoa kijiji kimoja. Muulizeni muuguzi yeyote aliyefanya kazi wodi ya majeruhi katika nchi hii kama hajawahi kuiona.

Wazee wangu mafundi wa mifupa, sisimami hapa kuwatukana. Nataka mnielewe, kwa maana ninyi ndio mnaofikiwa kwanza, na mkiamua mnaweza kuokoa mikono mingi kuliko daktari yeyote. Mfupa ni kitu hai. Ukivunjika unavuja damu, damu inaganda kuzunguka ule mvunjiko, na ndani ya wiki chache mwili wenyewe unajenga mfupa mpya mahali hapo. Mkono wa mtoto huungana kwa wiki 3 hadi 6. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi 3 au 4, wakati mwingine zaidi. Mwenyezi Mungu ndiye aungaye, kwa fundi na kwa daktari pia. Kazi ya mwanadamu ni mbili tu: mfupa ukae umenyooka, na damu iendelee kupita. Mkifunga kwa nguvu mnaizuia ya pili kwa kutafuta ya kwanza. Nyama za mkono zikikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi zinaanza kufa, na zikifa hazifufuki. Vidole vinajikunja kama makucha ya ndege, vinabaki hivyo maisha yote. Basi nawasihi kwa heshima. Kiwiko cha mtoto msikichue kamwe, maana kikichuliwa mfupa huweza kuota ndani ya nyama na kiungo kikaganda. Fungeni kwa kulegeza, vidole vionekane, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na fundi atangulie mbele kuonyesha njia.

Mzazi, kaa na mtoto usiku huo. Mguse vidole. Vikiwa baridi, vikipauka au vikawa bluu, akisema havisikii, maumivu yakizidi badala ya kupungua, fungua! Usingoje asubuhi, usimngoje fundi, usimwogope mjomba. Fungua kitambaa kwa kisu ikibidi, na hata kama ni plasta ya hospitali rudi hospitali usiku huo huo wakaipasue.

Na mfupa ukitoka nje ya ngozi, msiurudishe ndani, msimwagie mafuta ya taa, msipake dawa ya meno wala majivu wala udongo. Funikeni kwa kitambaa safi. Ufungeni mguu na vijiti viwili kwa kanga, kifungo kipite juu na chini ya mvunjiko, muondoke. Kidonda cha namna hiyo kinataka dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa za kwanza kabisa, kwa sababu vijidudu vikishaingia kwenye uroto wa mfupa vinaweza kukaa humo miaka, usaha ukitoka na kukauka na kutoka tena. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe akasema hasikii miguu, msimkunje, msimpakize kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Wazee wetu walishusha wagonjwa kwa machela. Chukueni mlango, chukueni ubao, mumgeuze kama gogo moja, shingo na mgongo pamoja, watu wanne wabebe. Mgongo uliovunjika unaweza kuacha miguu ikiwa mizima. Safari mbaya ndiyo inayoimaliza.

Vijana wa bodaboda, ninyi ni wanangu. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ina vitanda vilivyojaa watu wa umri wenu, miguu imetobolewa na vyuma. Muundi uko chini ya ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga. Pikipiki ikiulalia unapasuka na kutoka nje. Acheni mishikaki, kupakia abiria zaidi ya mmoja. Acheni kushuka Kinole na Mgeta injini imezimwa ili kuokoa mafuta ya shilingi mia tano. Vaeni kofia ngumu kichwani, isikae kwenye mkono wa usukani. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Na abiria, mkiona dereva anayumba, shukeni. Nauli mtapata nyingine.

Kuna watoto tunaowaficha, nao nawataja kwa uchungu. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 3, kinasimulia juu ya kiwete tangu kuzaliwa aliyechukuliwa kila siku na kuwekwa kwenye mlango wa hekalu aombe. Luka, aliyekiandika, alikuwa tabibu, na hakuacha kutaja vifundo vya miguu vilivyotiwa nguvu. Mtoto wa leo aliyezaliwa nyayo zimepindia ndani hahitaji kungoja mlangoni. Daktari Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba nyayo hizo zinanyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, wiki chache tu, kisha viatu maalumu vya kulalia mpaka mtoto afike miaka minne au zaidi. CCBRT Dar es Salaam wanafanya kazi hiyo. Mpelekeni akiwa mchanga, mifupa bado laini. Mlimficha kwa aibu gani? Mungu haoni aibu naye.

Vivyo hivyo kibiongo. Mtu anaumwa mgongo miezi, anapungua mwili, jioni homa, usiku jasho, kisha mgongo unaanza kuchomoza. Tunakwenda kwa mganga kutafuta aliyemroga. Hiyo mara nyingi ni kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili, na dawa zake zinatolewa bure katika vituo vya serikali. Zikianza mapema, mgonjwa anapona. Na mtoto mwenye selimundu akichechemea, akisema nyonga inauma, msimwambie avumilie. Huenda damu haifiki kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa huo unaweza kuporomoka.

Nimesema sana juu ya mizigo, na sitaki mtu wa mjini aliyekaa ofisini Boma aone haya hayamhusu. Gegedu hula kwa kutembezwa. Ukikanyaga inaminywa, ukiinua mguu inafyonza ute, kama sifongo. Anayekaa kutwa kitini anaishindisha njaa. Na kila kilo moja ya unene unayoipunguza inaliondolea goti kilo 4 kwa kila hatua. Tembea. Na ewe mama ambaye goti limekwisha kuuma, usilale nalo. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka ulingane na paja, hesabu mpaka kumi, ushushe polepole. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, kila mguu. Misuli ya paja ikipata nguvu inalibebea goti sehemu ya mzigo. Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Na zile dawa za mifupa zinazotangazwa ndani ya mabasi pale Msamvu, zinazomaliza maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, ziogopeni. Dawa ya namna hiyo huenda imetiwa deksamethazoni, sawa na vile vidonge vya kunenepesha. Inanyamazisha maumivu huku inaula mfupa wenyewe, na inaweza kuua kichwa cha nyonga.

Ndugu yangu, kesho kabla hakujapambazuka mama yako atainama mlangoni ajitwike. Tangulia wewe kuamka. Lifungue tenga, toa nusu, ujitwike. Kisha tembeeni pamoja mpaka sokoni, yeye mbele, taratibu kwa mwendo wake, na mkifika kwenye ule mteremko mbaya mpe mkono.